Anachodai Ndege wa Tunduni

Hapa Songea gunzi la mahindi halina bei. Kuanzia mwezi wa saba, mashine za kupukuchua zikianza kunguruma mitaani, magunzi hulundikana nyuma ya nyumba mpaka mtu anakosa pa kupita. Wengi huyachoma jikoni, wengine huyaacha yaoze na mvua. Mimi huyachagua. Natafuta lililokauka sawasawa, lisilo na ukungu wala harufu ya dawa ya kuhifadhia nafaka, nalikata vipande vya urefu wa dole gumba, natoboa katikati kwa keke, kisha napitisha kamba ya katani. Kati ya kipande na kipande naweka pingili ya mwanzi, na chini naning'iniza kifuu cha nazi nilichokitoboa matundu madogo na kukitia ulezi. Kazi yote hiyo huishia ndani ya tundu la cherero wawili, wale kasuku wadogo, ambao huivunjavunja mpaka ikabaki kamba tupu. Kisha natengeneza nyingine.

Nilikuwa mwalimu wa ufundi. Nimestaafu, lakini randa na msumeno havijapewa barua ya kustaafu. Kwa hiyo wapitao barazani kwangu, Lizaboni, humwona mzee mzima akiwatengenezea ndege vichezeo, na kila mmoja ana neno lake. Mama watoto aliuliza kwa nini ndege wapate bembea wakati watoto wa nyumba ya pili wanapiga mpira wa makaratasi. Hilo lilijibika: watoto wakapata gari la mbao lenye magurudumu manne, na magunzi hayakupungua. Swali lililonikalia kooni ni la jirani yangu, ustadhi wa madrasa. Baada ya swala ya alasiri alisimama akatazama kifuu kikizunguka, akaniuliza, "Mwalimu, hapa unatarajia thawabu?"

Nikamwambia sidhani, maana alipaye deni hajatoa sadaka.

Akanisahihisha papo hapo, kama ilivyo kazi yake, kwamba kutimiza wajibu kuna thawabu na tena kunatangulia sadaka. Sawa. Lakini neno deni lilikuwa limeshanitoka, na tangu hapo ninaulizana nalo. Nadaiwa nini na ndege, na anayenidai ni ndege mwenyewe au ni Aliyemuumba?

Kwanza niseme walikotoka, maana hukumu haiwezi kuwa moja kwa ndege wote. Cherero ni ndege wa nchi hii. Yule wa Fischer, aliyeandikwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1887 kwa jina la msafiri wa Kijerumani, makazi yake ni Serengeti na nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria. Ndugu yake mwenye kichwa cheusi yuko katikati ya Tanzania. Miaka ya 1980 walinaswa kwa wingi wa kutisha na kusafirishwa nje kwenda kuuzwa. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori walio hai, na hata kabla ya hapo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikumruhusu mtu kumchukua mnyama wa porini akamfuga nyumbani bila kibali. Hawa wangu hawakunaswa. Ni wa bluu, rangi ambayo porini ni nadra mno lakini tunduni ni ya kawaida, kwa sababu wazazi wao na babu zao walizaliwa wakifugwa. Mpwa wangu alimleta wa kwanza kutoka Dar es Salaam alipohamishwa kikazi na kukosa pa kumweka. Hajawahi kuona Serengeti. Hamjui mwewe. Nikimfungulia mlango asubuhi, jioni sidhani kama atakuwa hai, na kama hakuliwa na mwewe basi baridi ya Songea ya mwezi wa sita itamkuta juu ya paa la mtu.

Ndiyo maana jibu la haraka, la "mfungulie aende", huwa silitoi. Ni jibu zuri kwa aliyemnasa ndege jana. Kwa ndege aliyezaliwa tunduni, kumfungulia ni kumtupa.

Sasa dini. Watu wengi wakisikia ndege wa kufugwa katika Uislamu hukumbuka hadithi ya Abu Umayr, ambayo Bukhari na Muslim wote wameipokea kutoka kwa Anas bin Malik. Abu Umayr alikuwa mtoto mdogo, ana kindege anachokichezea. Kindege kikafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkuta mtoto ana huzuni, akamwita kwa jina la heshima kama mtu mzima na kumwuliza habari za kindege chake. Basi. Hadithi fupi, ya mtoto na ndege aliyekufa. Lakini mwanachuoni mmoja wa karne ya 10, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliikalia hadithi hiyo akatoa ndani yake mafunzo yapatayo 60, na miongoni mwa yale ambayo wanachuoni wamechukua humo ni kwamba inajuzu kumweka ndege kifungoni na mtoto kumchezea, alimradi asiteswe na apate chakula na maji.

Chakula na maji. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Cherero wangu hawajawahi kukosa mtama wala maji. Na bado yule wa kwanza, alipokaa peke yake katika tundu lisilo na kitu cha kutafuna, alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu kama ya kuku aliyechomwa maji moto. Wanaofuga kasuku kokote duniani wanaijua hali hiyo. Ndege ameshiba, hana jeraha, hana ugonjwa anaouona daktari wa mifugo, na anajila mwenyewe.

Nilimpelekea ustadhi habari hiyo. Akanikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Watu huishika sehemu ya kwanza, ya njaa. Mimi tangu siku hiyo naishika ya pili. Paka alikuwa na njia mbili za kuishi, kulishwa na kujitafutia, na kujitafutia kumetajwa kama jambo lililo lake. Kuna na hadithi nyingine, ya Umar bin Khattab kwa mapokezi ya Tirmidhi, inayosomwa mimbarini kila mara: tungemtegemea Mwenyezi Mungu inavyostahili, angeturuzuku anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wahubiri wetu hupenda kusisitiza kwamba ndege hakai kiotani akisubiri, anatoka. Wanasema hivyo kuwaonya vijana wanaoshinda vijiweni wakisubiri riziki. Wakimaliza, wote tunarudi nyumbani, na mwenye ndege tunduni anamjazia kibakuli chake bila kujiuliza kwamba huyo ndege wa mfano, aliyewekwa kuwa mwalimu wetu wa tawakuli, yeye kwake amenyimwa ile safari ya asubuhi.

Hilo ndilo deni, nijuavyo mimi. Riziki yake nampa, lakini sehemu yake ya kutoka na njaa na kurudi ameshiba nimeikalia. Kila asubuhi nawasikia ndege huru wakitokea upande wa misitu ya Matogoro, huko unakoanzia mto Ruvuma, wakipita na kelele zao kwenda mashambani. Wanakwenda kazini. Wa kwangu kazi yao ni kifuu chenye ulezi: lazima akipande, akigeuze, aingize mdomo kwenye tundu dogo, avute punje moja, nyingine idondoke, ashuke aifuate. Kibakuli kilichojaa kiko hatua moja pembeni. Mara nyingi hukipita.

Jambo hilo si la ndege wangu tu. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Glen Jensen, alionyesha kwamba panya waliokuwa na chakula cha bure mbele yao waliendelea kukanyaga wenzo ili wakipate kwa kazi. Baada yake wengine waliona hayo kwa njiwa, kuku, na kasuku. Paka wa nyumbani walipojaribiwa mwaka 2021, wengi walichagua cha bure. Anayefuga paka hatashangaa.

Nilipostaafu nililipwa mafao yangu, chakula kikawa kinaletwa barazani, na kwa miezi kadhaa sikuwa na la kufanya ila kutazama pikipiki zikipita. Sikuwa na njaa hata siku moja, na sijawahi kuwa mgonjwa kama miezi ile. Ndege wa tunduni simhitaji mtaalamu anieleze.

Katika fikihi ya zamani yapo maandiko yanayomtaja mnyama kuwa na haki juu ya mwanadamu. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, aliziorodhesha: alishwe hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutofaa tena, asitwikwe kisichobebeka, asifungiwe pamoja na anayemdhuru, watoto wake wasichinjwe mbele ya macho yake. Ukiisoma orodha hiyo unaona mnyama aliyekuwa akilini mwake ni punda, ngamia na ng'ombe, na hofu yake kubwa ni kazi iliyozidi. Hakuna mzee wa fikihi aliyekaa kumtetea mnyama asiye na kazi kabisa, kwa kuwa katika mji wake hawakuwa wengi. Sisi ndio tumewazidisha. Nadhani angekuwa hai leo angeongeza mstari mmoja kwa ajili ya kasuku, na ustadhi, ambaye hupenda kubisha, kwa hili hakubisha. Alisema tu niache kumsemea maiti.

Alibisha kwenye neno mchezo. Akaniambia Qurani, katika Sura ya An'am, inayaita maisha ya dunia mchezo na pumbao, na haiyasifu. Nikaomba tuendelee kusoma. Aya sita tu mbele, sura hiyohiyo inasema hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma mfano wetu. Mchezo unaolaumiwa ni wa kiumbe mwenye amana na hesabu ya kutoa, anayejisahaulisha Akhera. Cherero hana hesabu hiyo. Akivunja gunzi hajaacha swala yoyote. Kama ni umma, basi ana mambo ya umma wake: kutafuna, kubembea kichwa chini, kugombea kijiti na mwenzake kisha kumkuna shingo. Mimi na ustadhi tulikaa kimya kidogo, tukanywa kahawa, akasema atalitazama.

Upande wa pili wa uzio wangu anakaa katekista, mtu aliyesomea mambo yake kwa Wabenediktini wa Peramiho, walio hapo tangu 1898. Naye ana la kwake. Ananitajia Mathayo, ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna, na Baba wa mbinguni akawalisha; mimi namjibu kwamba hao ni wa angani. Lakini katekista ndiye aliyenipa andiko nililolipenda kuliko yote. Katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 41, Mungu anamwuliza Ayubu kama anaweza kumchezea yule mnyama mkubwa wa baharini jinsi mtu anavyomchezea ndege. Na katika Zaburi ya 104 mnyama huyohuyo ameumbwa acheze baharini. Yaani mnyama mkubwa anacheza, na ndege anachezewa. Sijui kama wanatheolojia wameliona hilo. Mimi fundi nimeliona.

Maana ndiyo tofauti ninayoijua tangu utotoni. Mtoto wa Songea hukua na manati shingoni. Ndege kwake ni kitu cha kulenga. Imepokewa kwamba Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimfanya shabaha ya mishale, wakatawanyika walipomwona, naye akawaambia kwamba Mtume amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Tunawafundisha watoto hadithi hiyo, na ni vizuri. Ila kuna njia za kumfanya ndege kuwa kichezeo bila kumrushia jiwe. Kumweka sebuleni ili wageni wamsikie akisema "karibu" ni mojawapo. Anachopewa ndege wa namna hiyo si chake. Ni pambo la nyumba, na yeye mwenyewe ni pambo jingine.

Hapo naingia kwenye kioo. Mpwa wangu, kwa nia njema, alileta pamoja na ndege kichezeo cha plastiki cha dukani, kina kioo na kengele. Dume alikipenda kupita kiasi. Alikuwa akikaa mbele yake, anatikisa kichwa, anacheua punje kutoka kooni na kuisukuma kwa ulimi kwenye kioo. Hivyo ndivyo dume anavyomlisha jike. Punje inateleza, inaanguka, anacheua nyingine. Kioo kilichafuka mpaka hakionyeshi kitu, na bado alikuwa akimlisha asiyekuwepo.

Watoto waliona ni kichekesho. Mimi nilikumbuka hadithi iliyo katika Abu Dawud, ya mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu, Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini; akasema tende; akaambiwa asingempa chochote angeandikiwa uongo. Kama kumlaghai mtoto mchanga kwa kiganja kitupu kunaandikwa, kumpa ndege mwenza wa kioo kunaandikwaje? Ustadhi alisema uongo ni maneno, na ndege haelewi maneno. Katekista alisema uongo ni nia. Mimi nikakitoa kioo, na nikamtafutia dume jike kwa mfugaji mwingine, wa bluu naye, aliyezaliwa tunduni. Manyoya ya kifua yakaota tena, ingawa si yote.

Tangu hapo kila ninachokitundika nakipima kwa swali moja: je, hiki ni kweli? Gunzi ni kweli. Linavunjika kwa sababu ni gunzi. Ulezi uliomo ndani ya kifuu ni ulezi. Kengele sijairudisha, kwa kuwa sijaelewa inamwambia nini.

Na mwenye kudai kulipa deni lazima ajue analipa kwa sarafu gani, maana nia njema yenye ujinga inaua. Katekista aliwahi kuniletea tawi la mparachichi liwe kijiti cha kusimamia, akiwa ametoka kupogoa mti wake. Parachichi ni sumu kwa ndege, tunda na majani, nami nikamrudishia kwa shukrani. Waya uliopakwa zinki, huu tunaofungia uzio, nao ni sumu ndege akiutafuna. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai hata chembe. Kamba ndefu inayofumuka humzonga kidole mpaka kikafa. Nawatajia vijana wanaokuja kujifunza mambo haya kabla sijawaruhusu kushika keke.

Kijana mmoja kati yao, mwenye akili kali, alinipinga kwa hoja iliyowasimamisha wapita njia. Alisema mji unaowakumbuka mashujaa wa Majimaji kila Februari 27, walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, hauna haki ya kumfungia kiumbe yeyote, na kwamba vichezeo vyangu ni chumvi kwenye chakula cha gerezani. Kuwafananisha wazee wale na ndege wa bluu sikubali; wao walijua wanachokipigania na walikipigania kwa akili zao. Lakini chumvi ya gerezani ilinichoma, maana ina ukweli. Tundu lenye bembea linapendeza. Mgeni akiliona husema, "Hawa wanaishi vizuri," kisha huuliza bei ya ndege na wanapopatikana. Kwa njia hiyo kazi ya mikono yangu inaweza kuwa tangazo la biashara ya matundu. Kadiri ninavyolipa deni vizuri, ndivyo ninavyomshawishi mwingine akope.

Kuna jambo zito zaidi. Jike akipewa ukili au majani ya mgomba, huyachana vipande vyembamba virefu, akavibeba mdomoni na kuanza kujenga kiota pembeni. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ningeweza kumpa kwa bei ya bure kabisa. Simpi. Nampa magunzi na mwanzi, vitu vinavyovunjika lakini havisukiki. Kiota kitaleta mayai, mayai makinda, na makinda watakuwa wadai wapya wa deni ambalo uzee wangu hautalimaliza. Katika Abu Dawud ipo habari ya ndege mama aliyekuja akipigapiga mbawa kwa ajili ya makinda yake yaliyochukuliwa, na Mtume akaamuru yarudishwe. Mimi sijamchukulia jike wangu makinda, nimemzuia asiyapate. Ustadhi anasema inajuzu. Katekista anasema ni huzuni. Wote wawili nawaafiki, na bado ukili simpi.

Basi hukumu yangu ni hii, na ni ya fundi, si fatwa. Aliye na ndege aliyezaliwa tunduni amtengenezee kazi kila wiki, kwa vitu vya kweli, mpaka mmoja wao afe. Aliyemnasa porini jana amrudishe leo palepale alipomtoa. Na asiye na ndege asianze. Mtoto akitaka kumwona ndege, atoke nje asubuhi aangalie juu. Wenye ndege tayari waje Lizaboni mwezi wa nane. Magunzi yapo mengi, na kuchukua ni bure.